Sheria ya kanisa: Dodoma na Uingereza

Sisi Waanglikana wa Dodoma tuna Bunge la nchi hapa hapa mjini, na makao makuu ya kanisa letu pia yapo hapa. Hata hivyo, kanuni inayopitishwa na Sinodi ya Jimbo (kikao kikuu cha kanisa letu nchini), yaani maaskofu, makasisi na walei (waumini wasio makasisi), haipelekwi bungeni. Ibara ya 19 ya Katiba imeweka uendeshaji wa jumuiya za dini nje ya shughuli za mamlaka ya nchi.

Uingereza ni tofauti. Sinodi Kuu ya Waanglikana wa huko ilianza 1970, mwaka uleule jimbo letu lilipozaliwa. Sheria kubwa wanayopitisha hukubaliwa na mabaraza yote mawili ya Bunge, kisha mfalme huidhinisha. Na kabla ya hapo kila nyumba ya Sinodi, yaani ya maaskofu, ya makasisi na ya walei, hupiga kura yake. Novemba 2012 maaskofu na makasisi walikubali wanawake wawe maaskofu, lakini walei hawakufikisha theluthi mbili. Hoja ikaanguka hadi ilipopita 2014.

Ninawaheshimu kwa kuihesabu kura ya mlei kwa uzito huo, hata pale matokeo yalipowaumiza wengi. Ila mambo ya madhabahu kwenda kuamuliwa na wanasiasa, hapana. Hilo nisingelitaka hapa kwetu.