Ziara ya ndege za Vita vya Kwanza vya Dunia: nilikatwa kauli kwa kuuliza parachuti

Msilipie ziara ya mwongozaji kwenye makumbusho yale ya ndege niliyotembelea huku Uingereza. Nimekaa wiki kadhaa bila kuandika, nikidhani hasira itapoa. Haijapoa.

Tulifika kwenye B.E.2, ndege ya upelelezi ya Waingereza yenye viti viwili. Picha hazijawahi kunionyesha nilichokiona pale: mpelelezi anakaa mbele, amezungukwa na nguzo na waya za mabawa, na rubani yuko nyuma yake. Sasa huyo mpelelezi bunduki ataielekeza wapi asikate waya zake wala kumpiga mwenzake? Na ndege za aina hiyo ndizo walizopelekwa nazo Waingereza kule Arras, Ufaransa, Aprili 1917, kukutana na Albatros, ndege za kivita za Wajerumani zenye bunduki mbili za rashasha. Mwezi ule Waingereza walipoteza ndege zipatazo 245, na marubani na wapelelezi 211 wakauawa au wasionekane tena. Richthofen, rubani wa Kijerumani, peke yake aliangusha 21.

Nikamuuliza mwongozaji kwa adabu zote: samahani mzee, mbona hawakupewa parachuti? Akanitazama juu mpaka chini, akasema wale walikuwa wanaume wa vita, si watalii. Kundi likacheka. Yeye huyoo, akahamia kwenye rangi ya ndege ya Richthofen.

Cha kuchekesha ni nini? Waliopanda maputo ya upelelezi, jeshi lile lile, parachuti walikuwa nazo! Mhandisi Everard Calthrop alikwishatengeneza ya kwake, na mwaka 1917 afisa mmoja, Orde-Lees, akaruka nayo kutoka Tower Bridge, London, akapona. Wajerumani wakaanza kuwapa marubani wao 1918. Wa Uingereza wakaachwa hivyo hivyo mpaka vita vikaisha. Mannock, rubani wao hodari kabisa, alikuwa anapaa na bastola ili ajimalize kabla moto haujamfikia. Julai 1918 ndege yake ikapigwa kutoka ardhini, ikawaka. Huyo naye alikuwa mtalii?

Nilipojaribu kuyasema haya nikaambiwa muda umekwisha. Nyota moja, na hiyo moja ni ya jengo.

Ila nitakuwa nimemdhulumu fundi mmoja wa karakana yao. Alinisikia nikibishana, akaniita pembeni, akanipa kipande cha kitani cha bawa nikishike. Kimepakwa dawa ya kukikaza, kimekakamaa kama ngozi ya ngoma. Akaniambia dawa hiyo inashika moto upesi mno. Alinijibu kila nilichouliza, taratibu, bila kuniangalia kama mtoto aliyepotea. Kwa ajili yake natoa nyota nne, sijali.

Basi nendeni. Lipeni kiingilio cha kawaida, mtafuteni fundi, kaeni na ile B.E.2 mpaka mtosheke. Na yule mwongozaji akipita na kundi lake, muulizeni parachuti. Kila atakayekwenda amuulize, mpaka ajibu.