Kuchagua wembe wa kinyozi wa kubadilisha: angalia unavyobana kabla ya kuangalia mpini

Ule wembe wa kukunja ulioko kwenye droo ya kila kinyozi, ukiutazama vizuri, si wembe. Ni kishikio. Kinachokata ni kipande chembamba cha chuma kinachochomekwa ndani, kikatumika, kikatupwa. Hauhitaji jiwe la kunolea wala mkanda wa ngozi. Kwa hiyo anayekwenda kununua hanunui makali, maana makali yanauzwa kwa bei ndogo dukani kwa Mangi. Ananunua namna ya kuyashika makali hayo yasitikisike, na hapo ndipo vishikio vizuri na vibaya vinapoachana.

Anza na wembe wenyewe, kwa sababu ndio utakaoununua mara kwa mara. Vishikio vingi vinavyouzwa kwetu hutumia nusu ya wembe wa kawaida wa pande mbili, mfano Nacet. Wembe huo una urefu wa milimita 43 hivi, upana wa milimita 22 na unene wa milimita 0.1 tu. Zipo pia nusu zilizokwisha kukatwa kiwandani, kama Derby Professional za Uturuki, zinazokuja 100 kwa boksi. Kwa saluni hizi zinaokoa muda na vidole. Ukoo wa pili ni nyembe za Kijapani za mtindo wa Artist Club, za Feather na Kai: ndefu zaidi, na unene wake ni kama milimita 0.25. Unene huo unazifanya zitulie sana usoni. Lakini haziingii kwenye kishikio cha nusu wembe, na nusu wembe hauingii kwenye kishikio chake. Kabla hujalipia kishikio cha Kijapani, hakikisha unajua utakakopata nyembe zake mwezi ujao na mwaka ujao.

Sasa ubanaji. Mtindo uliozoeleka una mlango: bamba la chini lina vijino vidogo vya kukaa wembe, bamba la juu linazunguka kwenye ribiti iliyo nchani, kisha linafungwa. Mtindo wa pili ni wa Dovo wa Solingen, Ujerumani, walio na jina la Shavette ambalo siku hizi watu hulitumia kwa vishikio vyote vya aina hii. Humo wembe hukaa ndani ya ala ya plastiki, na ala inasukumwa kwenye kishikio chepesi cha chuma. Mtindo wa tatu ni wa Feather: wembe unasukumwa moja kwa moja kutoka kwenye kiboksi chake hadi kwenye mfereji wenye springi, bila kidole kugusa makali.

Usinunue wa mlango bila kuujaribu. Beba wembe wako dukani, uwe ni Kariakoo au River Road, uchomeke hapo hapo. Funga, kisha elekeza kishikio kwenye mwanga na utazame ukingo kwa urefu wake wote. Sehemu ya makali inayochomoza lazima iwe sawa toka shina hadi ncha. Ikiwa upande mmoja umechomoza kuliko mwingine, kona ile iliyotangulia ndiyo itakayochana shavu, hata mkono uwe mwepesi namna gani. Halafu shika mgongo wa wembe kwa kitambaa na ujaribu kuusogeza. Wembe usicheze hata kidogo. Tatizo la vishikio vya bei ya chini huwa hapa: mlango unabana shina tu na kuacha ncha wazi, au vijino vimechongwa vidogo kuliko tundu la wembe. Chuma cha unene wa milimita 0.1 kisichobanwa hadi karibu na ukingo hupinda kikikutana na ndevu ngumu, kisha hujirudi kwa ghafla. Matokeo yake ni wembe unaorukaruka na kuacha mistari ya mikwaruzo, na mteja hudhani wembe ni butu. Anabadilisha wembe mara tatu na kosa liko kwenye mlango.

Kiasi cha makali kinachochomoza nacho kinahitaji uamuzi. Kikichomoza kidogo, kishikio ni kipole na kinamfaa anayejifunza. Kikichomoza zaidi, unaona vizuri unapochora mstari wa ndevu, ila wembe unajipinda zaidi na kosa la mkono halisamehewi. Kwa kuchora mistari tu, kona zilizo wazi zinasaidia. Kwa kunyoa uso mzima, tafuta kishikio ambacho kona zake zimefunikwa au kingo zake zimeviringwa, kwa sababu mikato mingi ya wanaoanza hutoka kwenye kona.

Mwenye ndevu za kujisokota azingatie hili zaidi. Vipele vya ndevu hutokea unywele uliokatwa chini mno unaporudi ndani ya ngozi au unapojikunja na kuichoma tena. Kukata kwa makali mamoja husaidia kuliko mashine ya nyembe nyingi, lakini ukivuta ngozi kwa nguvu na kunyoa kinyume cha ndevu unaipoteza faida yote. Vuta kiasi cha kuisawazisha tu, fuata uelekeo wa ndevu, ishia hapo. Kwa ngozi ya namna hii, wembe wa Feather uitwao Pro Guard, wenye kinga kwenye ukingo, ni chaguo la kweli na si mapambo.

Mpini una mambo mawili tu. Kwanza bawaba: ikunjue nusu uiache, ibaki palepale. Ikianguka yenyewe imelegea, na siku moja itajifunga kwenye vidole. Pili, ukiufunga, makali yasiguse mpini kwa ndani. Kuhusu chuma, sumaku haitakusaidia, kwani chuma kisichoshika kutu cha aina nyingi za visu huvutwa na sumaku pia. Tazama kwenye bawaba na vijino: kilichopakwa rangi ya fedha huanza kumenyuka huko.

Kwa mizani hiyo, kinyozi wa saluni yenye wateja wengi achukue cha mlango cha chuma kizito kisichoshika kutu. Parker SR1 ya India ni mfano mzuri. Shavette ya Dovo ni nyepesi na rahisi kusafisha, ila wepesi wake unamtaka mwenye mkono uliokwisha kutulia. Feather Artist Club SS ndiyo inayonyoa kwa utulivu kuliko zote hizi, na mpini wake unastahimili joto la mashine ya kutakasia vifaa; bei yake na nyembe zake ndizo zinazoifanya iwe ya wachache. Zile za Sialkot, Pakistani, zinazojaa sokoni si za kudharau, ila hazilingani hata ndani ya katoni moja. Jaribu tatu, chukua moja.

Kuvunja wembe: uache ndani ya karatasi yake, ukunje kwa urefu hadi usikie umevunjika, ndipo ufungue. Kagua pale ulipovunjikia. Kijisehemu kikibaki kimepinda, nusu hiyo haitakaa sawa, itupe. Usoni, laza wembe kwa nyuzi 30 hivi kutoka kwenye ngozi, mikato mifupi ya sentimita 2 au 3, uzito wa kishikio utoshe.

Saluni ni wembe mmoja kwa mteja mmoja, ufunguliwe mbele yake. Kishikio nacho hubeba damu: virusi vya homa ya ini aina ya B huweza kukaa siku 7 nje ya mwili. Toa wembe, osha kwa sabuni na brashi hadi ndani ya mlango, kausha, kisha pitisha spiriti ya asilimia 70. JIK ya asilimia 3.5, kipimo 1 kwa maji vipimo 6, inafanya kazi kwa dakika 10, lakini suuza na ukaushe mara moja, maana hula chuma. Jiwe la shabu la kuzuia damu lisipite uso hadi uso. Tumia unga wake kwenye pamba. Nyembe zilizotumika ziingie kwenye chupa ngumu ya plastiki yenye mfuniko, si kwenye mfuko wa taka, ambako anayezoa atazikuta kwa mkono.