Honda Civic Si sedani: ya 2007 au ya 2022?

Wengi wakiona hp (nguvu za farasi) 197 ya 2007 na hp 200 ya 2022 wanasema aah si gari lile lile tu, miaka 15 wameongeza hp 3! Ila ukiziendesha ni vitu viwili tofauti kabisa. Ya 2007 ina injini ya lita 2.0 bila turbo, kwenye rpm za chini (mizunguko ya injini kwa dakika) imelala kweli yani, lazima uikanyage mpaka mshale wa rpm ukaribie 6000 ndo VTEC (mfumo wa Honda unaobadilisha jinsi valvu za injini zinavyofunguka) inaamka, mlio unabadilika, unaivuta hadi 8000 huko, raha tupu. Ya 2022 ni lita 1.5 yenye turbo, torque (nguvu ya kuvuta) Nm 260 unazipata kuanzia rpm 1800 tu (ile ya zamani 188), kupita lori mlimani hata gia hushushi. Zote gia 6 za mkono, hapo wamefanya la maana. Ya kwendea kazini nachukua mpya, ila ule mlio jamani...