Baiskeli ya kukodi Tanga: uzoefu wangu, na neno moja lililonipozea samaki

"Na mwili huo ulitegemea nini?"

Ndivyo nilivyoambiwa. Kijana wa watu, umri wa mdogo wangu wa mwisho, kakaa kwenye kiti cha plastiki, simu mkononi, wala kichwa hakunyanyua. Mimi nimesimama mbele yake, baiskeli yake nimeikokota juani, mkono wa pedeli nimeushika kama paja la kuku, jasho limefika kwenye nyusi. Halafu eti mwili huo ulitegemea nini.

Kaeni na hilo neno kwanza, nirudi nyuma.

Tuko marafiki wanne, wote wa Dar, na starehe yetu ni kula. Kila tukipata nafasi tunachagua mji, tunaenda siku mbili tatu, tunakula vya barabarani, tunarudi. Safari hii mwenzetu wa Tabata, ambaye daktari alishamwonya habari za sukari, akaweka sharti: twende, tule, lakini tuzunguke kwa baiskeli. Angalau akiulizwa na mkewe awe na la kusema.

Ukaanza ubishi wa mji gani. Dar yenyewe tuliitoa hapo hapo. Njia ya baiskeli imechorwa vizuri pembeni ya Mwendokasi, lakini ukiifuata unakutana na bodaboda uso kwa uso, mbele kuna meza ya miwani ya jua, mbele zaidi kuna mama na jiko lake la mahindi. Mmoja akataja Moshi. Tukamuuliza kama aliwahi kupanda kutoka mjini kwenda Kibosho na bakuli la mtori tumboni. Akanyamaza. Unguja ilikaribia kushinda, maana pweza na urojo vina watetezi, lakini ndani ya vichochoro vya Mji Mkongwe unapiga kengele kila hatua kama muuza aiskrimu, na nauli ya boti kwenda na kurudi kwa watu wanne ni pesa ya mishkaki ya siku nzima.

Nikasema mimi: Tanga.

Mnaona hasira inapotokea? Ni mimi niliyechagua. Nilisimama nikautetea mji kama wakili. Niliwaambia Tanga ni tambarare kama sinia, barabara pana, miti ya kivuli, magari machache, na baiskeli huko si mchezo wa watoto wala mazoezi ya wazungu. Utamkuta mzee wa kanzu na kofia yuko juu ya baiskeli anakwenda msikitini, mama wa baibui kakaa ubavu kwenye keria, muuza samaki na tenga lake, mwalimu na mafaili yake. Niliyaona hayo utotoni kwa shangazi yangu Chumbageni, na kwa haki ya Mungu mengi bado yapo. Bodaboda na bajaji zimeongezeka, sitaki kudanganya, lakini dereva wa Tanga akikuona kwenye baiskeli anapunguza mwendo kwa sababu huenda ni mjomba wake.

Basi tukapanda gari Mbezi, Chalinze, Segera, Muheza. Muheza tukanunua machungwa kupitia dirishani, yale yaliyomenywa ganda la juu kwa kisu yakabaki meupe, na mate yananijaa hata sasa ninapoandika. Tukashuka stendi ya Kange, bajaji mpaka mjini, tukalala. Asubuhi tukaenda kukodi baiskeli.

Mahali penyewe sipataji. Si kwa kuwaonea huruma, la. Ni kwa sababu huenda mwenye mali hajui kijana wake anavyoongea na watu, na mimi si mtu wa kumharibia mtu riziki, ingawa kuna saa nilikuwa karibu sana.

Tulilipia siku mbili, na dhamana juu yake. Baiskeli kwa macho hazikuwa mbaya. Wenzangu walipata nyepesi, mimi nikapewa ile ndefu nyeusi ya kizamani, madigadi mapana, kengele inayolia kweli. Niliipenda. Ila kila nikizungusha pedeli ya kulia nasikia tik. Tik. Tik. Nikamwambia kijana. Akasema, "Hiyo kawaida yake, utaizoea." Nikaizoea. Mwanamke mwenye shahada moja na nusu, nikaizoea.

Na niseme ukweli, ile asubuhi sijawahi kuipata mji mwingine. Tulitoka kabla jua halijachachamaa, tukaingia Ngamiani, kule mitaa haina majina ya viongozi, ina namba tu: Barabara ya Sita, ya Saba, ya Nane, unahesabu mwenyewe na hupotei. Kona moja chapati na supu, kona ya pili mbaazi za nazi na maandazi, ya tatu mama anakaanga mihogo, anaichana katikati, anaisokomezea kachumbari na pilipili ya ukwaju inayotiririka mpaka kwenye kiwiko. Unakula umesimama, mguu mmoja chini mmoja kwenye pedeli, halafu unasogea. Huo ndio uzuri wa baiskeli kwenye safari ya kula: huhitaji kuegesha, na tumbo linapata nafasi ya kujipanga kati ya kituo na kituo. Kwa gari ungekula mara mbili ukalala. Sisi kufikia saa tano tulikuwa tumekula mara sita, na mwenzetu wa Tabata akaanza kusema habari za kuhamia.

Mchana tukaenda Raskazone kupunga upepo. Njia ya Bombo ina miti mikubwa, unapita kivulini karibu muda wote, bahari inachungulia kushoto, kisiwa cha Toten kimekaa pale mbele kama kimesahauliwa. Mmoja wetu, anayejua historia kuliko mipaka yake, akatupigia hadithi ya vita vya mwaka 1914, jinsi Waingereza walivyoshuka na askari wao wa Kihindi hapo Tanga, wakapigwa na Wajerumani na askari wao weusi, na juu yake wakafukuzwa na nyuki. Nilicheka sana. Nilikuwa sijajua kuwa na mimi jioni ile nitang'atwa.

Alasiri tukapita soko la samaki la Deep Sea. Tukachagua changu, tukakaangiwa pale pale, wakafungwa kwenye gazeti, wa moto, mafuta yanapenya kwenye maandishi. Mpango ulikuwa twende nao Ngamiani, kuna mama asubuhi alituahidi wali wa nazi. Samaki nimebeba mimi, kwenye keria, nimefunga na mpira. Tunavuka reli kuingia Ngamiani, nakanyaga kwa nguvu kidogo ili tairi lisiingie kwenye mfereji wa chuma, na hapo mkono mzima wa pedeli ya kulia ukachomoka. Haukulegea, ulichomoka. Mguu ukakanyaga hewa, mimi nikaenda na ubavu, samaki wakaenda na njia yao.

Gazeti halikufunguka. Hilo namshukuru Mungu. Goti langu ndilo lililofunguka.

Nikawaambia wenzangu tangulieni na samaki, wali usipoe, mimi narudisha baiskeli nibadilishiwe. Nilidhani ni jambo la dakika kumi. Na hapo ndipo nilipofika, nikatoa salamu, nikaeleza kwa upole kabisa kwamba ule mlio niliousema asubuhi ndio huu hapa mkononi, na nikajibiwa na mwili huo ulitegemea nini.

Sikuwa na la kusema. Mimi! Waulizeni ofisini kwetu. Nilibaki nimeangalia ule mkono wa pedeli. Akaendelea, bado na simu yake, kwamba baiskeli nyingine haipo, hii niitengeneze kwanza kwa pesa yangu, na kwenye dhamana atakata elfu kumi na tano ya uharibifu. Nikamuuliza, "Mdogo wangu, pole hujanipa, goti hujaliona?" Akasema, "Anti, mimi niko kazini."

Tanga hiyo! Mji ambao ukiuliza njia unasindikizwa. Mji ambao muuza kahawa alikataa pesa yangu ya kikombe cha pili kwa kuwa "mgeni huhesabiwi". Kati ya watu wote wa Tanga, mimi nikaangukiwa na huyu mmoja, na kwa bahati mbaya ndiye mwenye baiskeli.

Nikaikokota tena mpaka Ngamiani. Chini ya mwarobaini kulikuwa na fundi, mzee, ndoo ya maji ya kupimia pancha, tyubu zinaning'inia kwenye tawi kama nyoka waliokaushwa. Shikamoo. "Marahaba mwanangu, umeanguka? Kaa kwanza." Akanipa benchi, akanipa maji ya goti, ndipo akaangalia baiskeli. Akachokonoa, akatoa ile pini ndogo inayokaza mkono wa pedeli kwenye mhimili, akaiweka kwenye kiganja changu. Upande mmoja umeliwa, umekuwa mwembamba kama kijiti cha kiberiti. "Hii haikufa leo," akasema. "Hii imeuawa zamani, wewe umekuja mazishini."

Akachukua pini mpya kwenye kopo la maziwa, akaipiga tupa, akaijaribu, ikakataa, akaipiga tupa tena kidogo sana, akaipuliza, akaijaribu, mara ya tatu ikaingia. Akaweka kipande cha mbao juu yake ili nyundo isiiharibu, akagonga mara nne, akakaza nati, akaniambia nikanyage kwa uzito wangu wote. Nikamwambia, mzee, nimeambiwa uzito wangu ndio uliovunja. Akacheka mpaka akakohoa. "Mwanangu, baiskeli hii inabeba gunia la mkaa na mwenye mkaa juu yake. Nani kakwambia upuuzi huo?"

Shilingi elfu moja. Nikampa elfu tano, akanirudishia chenji yote.

Nilipomweleza baiskeli nilipoikodi, akatikisa kichwa tu. Kwa jirani yake hakutia neno. Ila alisema jambo ambalo mimi wakili wa Tanga sikuwa nimelifikiria: kwamba hapa kila nyumba ina baiskeli yake, na nzuri iko na mwenyewe. Inayokodishwa ni ile iliyokosa mwenyewe.

Kesho yake tukarudisha baiskeli. Pini ya zamani nilikuwa nayo. Nikamwekea yule kijana mezani. Akaitazama sekunde moja, akasema, "Hiyo si yetu," akahesabu dhamana, akakata elfu kumi na tano zake. Mwenzetu wa Tabata, mtu wa kilo mia na ushee, akasogea mbele akamuuliza mbona yake haikuvunjika. Jibu hakupata, ila nilimwona kijana kwa mara ya kwanza ameweka simu chini.

Sasa mnaouliza, "niende Tanga na marafiki kula kwa baiskeli?", jibu langu jana lilikuwa usiende. Niliandika hata kwenye kundi letu, kwa herufi kubwa. Leo nimekula chungwa la mwisho la Muheza na naona nilikuwa naadhibu mji mzima kwa kosa la kiti kimoja cha plastiki. Nenda. Hakuna mji Tanzania hii niliowahi kufika ambapo baiskeli na sahani vinaelewana hivyo. Lakini usikodi kama nilivyokodi mimi. Shika kila mkono wa pedeli, utikise kwa nguvu. Ukicheza hata kidogo, rudisha, usiambiwe utazoea. Uliza wenyeji, wengine watakuazimisha ya shemeji yao. Reli ivuke kwa kuikata moja kwa moja, usiende nayo ubavu. Ijumaa mchana usitegemee chakula mpaka watu watoke msikitini. Na ukifika Ngamiani mtafute mzee wa mwarobaini hata kama baiskeli haina ubovu, mpe shikamoo yangu.

Hapana, ngoja. Elfu kumi na tano. Kila nikiikumbuka damu inapanda. Si pesa, ni ile "anti, mimi niko kazini".

Samaki? Nilimkuta amepoa. Wenzangu walinibakizia mmoja mzima, na kichwa chake, na wali mama aliufunika kwa sahani. Nilimla baridi, goti linafukuta, na bado alikuwa mtamu. Hilo nalo linaniudhi.

Watu wa Tanga mji wao wanauita "waja leo waondoka leo". Leo hii nimepita stendi kuulizia kama basi linabeba baiskeli kwenye buti, maana nimepata moja ya mtumba, pini zake nimezikagua mwenyewe. Konda akaniangalia, akaangalia baiskeli. "Dada, unahamia?" Nikamwambia ataje bei.