Kasha la Langgaard: simfoni 16 na mahali pa kuanzia

Nalipendekeza kasha hili la CD kwa moyo wote, ila usianze na CD ya kwanza. Simfoni, yaani kazi kubwa ya okestra, ya kwanza ya Rued Langgaard wa Denmark inakaribia saa nzima, na asiyemjua mtunzi huyu anaweza kuchoka kabla hajayafikia mazuri yake. Anza na ya nne, Løvfald, kupukutika kwa majani. Aliitunga mwaka 1916, bado kijana wa miaka ishirini na kitu. Inakwenda moja kwa moja bila mapumziko, na humo ndani msitu unavuma, radi inapiga, kisha unakuja uchovu, kisha kukata tamaa. Karibu na mwisho okestra inaanza kugonga kengele za Jumapili asubuhi. Noti ni zilezile, zinarudi na kurudi, mpaka unasahau kwamba kuna mtu aliyeketi akaziandika. Halafu kinakuja kipande kifupi alichokipa jina la Forbi, imekwisha, na kweli inakatika hapo.

Kasha lenyewe limetolewa na Dacapo, kampuni ya kurekodi muziki ya Denmark. Lina CD saba zenye simfoni zake zote 16, zikipigwa na Okestra ya Taifa ya Redio ya Denmark pamoja na kwaya, mwongozaji akiwa Thomas Dausgaard. Kurekodi kulianza mwishoni mwa miaka ya 1990, na kasha likatoka mwaka 2009. Mimi niliazima kwanza maktaba hapa Esbjerg, Denmark, ambako CD huazimwa bure kama vitabu, kisha nikanunua langu.

Nimelelewa kwenye kwaya ya KKKT huko Bukoba na mpaka leo naimba sauti ya pili. Kwa hiyo masikio yangu hukimbilia kwanza kwenye kwaya na kinanda, na nadhani hiyo ndiyo sababu mtunzi huyu amenishika. Alikuwa mtu wa kinanda cha kanisa tangu utotoni.

Alizaliwa Copenhagen mwaka 1893. Baba yake, Siegfried, alikuwa mpiga piano aliyefundishwa na Liszt, mtunzi na mpiga piano mashuhuri wa karne ya 19. Mama naye alikuwa mpiga piano. Akiwa na miaka 11 mtoto wao alikwishapiga kinanda mbele ya watu katika Marmorkirken, lile kanisa lenye kuba kubwa katikati ya jiji. Simfoni ya kwanza aliianza akiwa na miaka 14. Ilipigwa kwa mara ya kwanza Berlin, Aprili 1913, na Berliner Philharmoniker, okestra maarufu ya Berlin, chini ya Max Fiedler, naye Langgaard alikuwa na miaka 19 tu. Watu waliipokea vizuri sana. Kijana wa namna hiyo ungetegemea arudi nyumbani apewe kazi, okestra na heshima.

Hakupewa. Denmark ya wakati ule ilikuwa imeelekeza masikio kwa mtunzi mwingine, Carl Nielsen, na muziki wa Langgaard, uliojaa mbingu, dhoruba na siku za mwisho, ulionekana umepitwa na wakati au umezidi kipimo. Opera yake Antikrist ilikataliwa na Ukumbi wa Kifalme wa Copenhagen. Alikufa bila kuiona jukwaani. Ilichezwa kwa mara ya kwanza Innsbruck, Austria, mwaka 1999. Kazi ya kupiga kinanda cha kanisa aliiomba huku na huko kwa miaka mingi, akaipata hatimaye mwaka 1940 katika Kanisa Kuu la Ribe, mbali kabisa na mji mkuu. Hapo ndipo alipofia, mwaka 1952.

Wengi wanaoandika habari zake humwita kituko. Silikubali neno hilo. Kituko hafanyi kazi kwa uvumilivu wa namna hii: kazi zake zinapita 400, na nyingi alizirudia, akazifanyia marekebisho, akijua pengine hazitapigwa akiwa hai. Ninachosikia mimi ni mtu aliyeamini kwamba muziki ni mlango wa kwa Mungu, akaamini hivyo kwa dhati hata wenzake walipoona haya kuyasema mambo hayo hadharani. Sisi tuliokulia kanisani tunaijua imani hiyo, na hatuhitaji kufafanuliwa.

Isikilize simfoni ya 9, ya mwaka 1942, iitwayo Fra Dronning Dagmars By, kutoka mji wa Malkia Dagmar. Mji huo ni Ribe. Dagmar aliletwa kutoka Bohemia kuolewa na mfalme wa Denmark, akafia Ribe mwanzoni mwa karne ya 13, na Wadenmark hawajaacha kumpenda. Kengele za kanisa kuu hupiga wimbo wake saa sita mchana na saa tisa alasiri. Katika simfoni malkia anakuja kwa jahazi, watu wanacheza dansi kwenye ngome, halafu linafuata kanisa lenyewe. Nilikwenda Ribe kwa treni nikiisikiliza. Ardhi kule ni tambarare, na mnara wa kanisa unaonekana kutoka mbali kabla hujauona mji. Sehemu ya tatu ina uzito uleule, na okestra hii inaipiga bila pupa.

Ya 11, Ixion, ina dakika sita hivi. Ixion ni yule wa hadithi za Wagiriki aliyefungwa kwenye gurudumu lisilosimama milele. Wimbo mmoja wa mwendo wa walzi, dansi ya mapigo matatu, unazunguka na kuzunguka kama pambio ambalo mwimbishaji amekataa kuliachia, kisha tuba nne za ziada, zile ala kubwa za kupuliza zenye sauti nzito, zinaingia na kulikanyaga. Mara ya kwanza nilidhani CD imekwama. Sasa naona hizi ni miongoni mwa dakika za kweli kabisa alizoandika, kwa sababu hana haja ya kupamba. Mateso yenyewe ni kurudia.

Wanakwaya wasiikose ya 14, Morgenen, yaani asubuhi. Sehemu zake zina majina kama kengele za Marmorkirken, waliochoka wanaamka kuyakabili maisha, akina baba wanakimbilia ofisini. Ni asubuhi ya mji mzima, na kengele ni za kanisa lile alilopigia kinanda akiwa mtoto.

Ya 7 na ya 8 sizirudii. Katikati ya miaka ya 1920 aligeuka akarudi kwenye namna ya Niels W. Gade, mtunzi wa karne iliyotangulia, na katika simfoni hizi nasikia mtu aliyejibana. Zinapigwa vizuri, lakini hazinigusi.

Dausgaard ni mwongozaji mwepesi. Hauachi muziki uzame kwenye utamu wake mwenyewe, na kwa Langgaard hilo ni jambo kubwa. Ya 6, Det Himmelrivende, vita ya wema na uovu, tarumbeta za Denmark zinakata kweli kweli. Ipo rekodi nyingine ya simfoni ya 2 na ya 6, ya Wiener Philharmoniker, okestra ya Vienna, na mwongozaji Sakari Oramo: kule fidla ni tamu zaidi, ila kwa vita ile nachagua hizi tarumbeta. Jambo moja la kuzingatia ni kwamba sauti imeachwa na upana wake wote, ya chini ni ya chini kabisa na ya juu inatikisa kabati. Ukisikilizia jikoni sufuria likichemka, nusu ya muziki itakupotea.

Kazi yake iliyo juu ya zote haimo kwenye kasha hili, kwa kuwa si simfoni. Ni Sfærernes Musik, ya 1916 hadi 1918, yenye okestra, kwaya, kinanda, soprano, okestra ndogo ya pili inayosikika kwa mbali, na piano ambayo nyuzi zake zinapapaswa kwa mikono. Ilipigwa Karlsruhe, Ujerumani, 1921, Berlin mwaka uliofuata, kisha kimya mpaka mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka 1968 mtunzi wa Denmark Per Nørgård aliichomeka miongoni mwa kazi za watunzi vijana zilizokuwa zikipitiwa na waamuzi Stockholm, na mmoja wa waamuzi, György Ligeti, mtunzi mashuhuri mzaliwa wa Hungaria, akakuta mbinu alizozijulikanisha yeye zilikwishaandikwa na Mdenmark huyu nusu karne kabla yake. Chukua rekodi ya Dausgaard ya Dacapo, soprano akiwa Inger Dam-Jensen.

Kwa hiyo ningefuata hivi: Løvfald, Ixion, ya 9, ya 14, halafu Sfærernes Musik usiku wenyewe ukiwa umetulia. Baada ya hapo rudi kwenye ya kwanza, na kama mfuko unaruhusu itafute pia kwa Berliner Philharmoniker, walioipiga tena na Oramo mwaka 2022.