Nakala ya La Pie: vivuli vya buluu wamevipeleka wapi?

Karatasi ya wachapaji hawa wa nakala ni nzuri, hilo siwanyimi: pamba tupu, nzito, haing'ai. Lakini niliagiza La Pie, mchoro wa Mfaransa Claude Monet, na iliyofika siyo.

Mchoro wenyewe, wa majira ya baridi ya 1868 kuingia 1869 karibu na Étretat, Ufaransa, hauna mengi: theluji, uzio, nyumba nyuma ya miti, na ndege mmoja wa jamii ya kunguru, ndiye "la pie" mwenyewe, juu ya lango. Utulivu wote wa shamba lile umebebwa na vivuli vya uzio vilivyolala juu ya theluji, na vivuli hivyo ni vya buluu. Jua likiwa chini huipaka theluji umanjano hafifu; penye kivuli halifiki, panaangazwa na anga tu, na mwanga wa anga ni wa buluu. Hapo ndipo baridi ya mchoro ilipo. Wao wamepageuza majivu!

Inaelekea waliiachia programu isawazishe rangi yenyewe. Ikiachiwa, hulazimisha sehemu angavu ziwe nyeupe tupu na za kati ziwe kijivu. Umanjano unatoweka, buluu inatoweka, jua linazimika. Ukiagiza, andika wazi: rangi zisisawazishwe. Omba kwanza kipande cha majaribio cha sentimita 10 panapolala vivuli, ukikague dirishani mchana, kwani balbu ya manjano itakudanganya.

Vipimo navyo vina mtego. Mchoro halisi ni sentimita 89 kwa 130, hivyo nakala ya 40 kwa 60 hukata kama sentimita moja tu ya kimo, hiyo nasamehe. Ila 40 kwa 50 itakula zaidi ya sentimita 8 za upana, na zikikatwa kushoto, lango na ndege wake watabanwa ukingoni.

Nilipolalamika, mhudumu alijibu: "Theluji ni nyeupe, ndugu." Basi! Majaji wa Salon ya Paris, maonyesho rasmi ya sanaa, waliukataa mchoro huu 1869, na leo uko Musée d'Orsay, jumba la makumbusho la Paris, na vivuli vyake vilevile. Mimi ninavitaka hivyo hivyo.

Nilianza na nyota tatu kwa ajili ya karatasi. Nimeitazama tena ile mistari ya kijivu: moja. Wakichapa upya na buluu ikarudi, nitawapa nne. Ya tano inasubiri mhudumu yule aombe radhi.