Inkbird ITC-308: kidhibiti joto kwa anayetengeneza bia nyumbani

Kwa anayetengeneza bia nyumbani katika mji wa joto kama Dar es Salaam au Mombasa, ambako chumba kisicho na kiyoyozi hukaribia nyuzi 30 za Selsiasi kwa miezi mingi, kifaa ninachopendekeza kinunuliwe kwanza ni Inkbird ITC-308, hata kabla ya sufuria kubwa au mashine ya kusagia kimea. Hamira nyingi za bia aina ya eli hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 18 na 22. Zikiachwa katika joto la Pwani huchachusha kwa pupa, zikatoa alkoholi nzito zinazounguza koo pamoja na harufu kali ya ndizi, na kuihifadhi bia muda mrefu hakuziondoi kasoro hizo.

Kifaa chenyewe ni kisanduku kidogo chenye soketi mbili na kihisi joto kwenye ncha ya waya. Soketi moja ni ya friji, nyingine ni ya mkanda wa kupashia joto, na kidhibiti huwasha kimoja au kingine kulingana na kinachosomwa na kihisi. Hivyo friji ya zamani, ambayo kwa kawaida hupoza hadi nyuzi 4 hivi, huweza kutunza nyuzi 19 bila kufunguliwa wala kukatwa waya wowote.

Mafanikio yake, hata hivyo, hutegemea sana mahali pa kuweka kihisi, na jambo hili linastahili uangalifu kuliko jingine lolote. Hamira inapochacha huzalisha joto lake yenyewe, kiasi kwamba katika siku za mwanzo kimiminika cha kimea kilicho ndani ya ndoo, ambacho ndicho kinachogeuka bia, huweza kuwa na joto zaidi ya hewa inayokizunguka kwa nyuzi kadhaa. Kihisi kikining'inizwa hewani, kioo kitaonyesha 19 wakati bia imefika 23, na mtengenezaji ataamini kuwa mambo ni shwari. Kibandikwe kwenye ubavu wa ndoo, chini ya usawa wa kimiminika, kisha kifunikwe kwa kipande kinene cha sponji ili kisome joto la bia badala ya hewa ya friji.

Kiwandani kifaa hupangwa kisubiri joto lipande nyuzi 2 juu ya kiwango kilichowekwa ndipo kiwashe friji. Kwa bia naona pengo hilo ni kubwa mno, nyuzi 0.5 hadi 1 zinafaa zaidi. Muda wa kuilinda kompresa, yaani pampu inayopoza friji, ambao huja ukiwa dakika 3, usipunguzwe, kwa kuwa ndio unaoizuia friji isiwake papo hapo umeme unaporudi baada ya kukatika, na kwetu faida hiyo si ndogo.

Ninachokikosoa ni menyu yake ya vifupisho vya herufi mbili, CD (pengo la kupoza), HD (pengo la kupasha joto), PT (muda wa kuilinda kompresa) na vinginevyo, ambayo humlazimu mtu kuweka kijitabu cha maelekezo karibu. Pia hakiwezi kupandisha joto chenyewe kwa hatua: anayetengeneza laga, bia inayochachushwa kwenye baridi zaidi kuliko eli, katika nyuzi 12 atalazimika kubonyeza mwenyewe uchachushaji unapokaribia kwisha, ili kufikia nyuzi 16 au 18 na kuipa hamira nafasi ya kuondoa ladha ya siagi.

Wakati wa kununua, hakikisha ni toleo la volti 220 hadi 240 lenye plagi ya pini tatu bapa, maana lile la Marekani ni la volti 110. Anayekusudia kutumia kveik pekee, hamira ya jadi ya Norwei inayochacha vizuri hata katika nyuzi 35, anaweza kuzitumia fedha hizo kwa kimea bora.